Melkizedek, Aliyefuga Wasiolijua Jua

Kwanza niwaseme, ndipo nimsifu mwenye siku yake. Mmekuja leo kwa sababu mmepelekewa barua yenye muhuri, na kwa sababu mmesikia ameangushwa ng'ombe. Miaka yote hii mlikuwa wapi? Wewe uliyemaliza mwaka themanini na moja, Morogoro ndiyo imekuwa Ulaya? Na wewe wa Magole, ninayesikia kila msimu wa mahindi unapita hapa na lori, breki zako hazishiki ukifika getini kwetu? Mmenenepa, mmevaa vizuri, nimefurahi kuwaona, kaeni. Lakini aibu mnayo.

Haya. Bwana Melkizedek, mtunza maabara wa shule yetu, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1998, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa na miezi mitano. Mimi ni Bibi Ziada wa jikoni, niliyempokea siku aliyofika na niliyestaafu kabla yake. Walimu walitaka kuandika wao. Mkuu wa shule akakataa, akasema aandike aliyekuwa karibu naye. Sikusoma; darasani niliingia kupeleka chai tu. Ninasema, Happyness wa maabara anaandika, na nimemwonya asinipambie.

Alifika Februari 1969, kijana mwembamba kutoka milimani, mtoto wa Kianglikana aliyelelewa na shule ya misheni, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alikuwa ameishia darasa la nane, kisha akafundishwa kazi ya maabara kule Morogoro kwa miezi kumi. Siku ya pili tu akaja jikoni kwangu na ndoo.

"Shikamoo, dada. Naomba majivu."

"Marahaba. Majivu ya nini, kijana?"

"Ya kuoshea vioo vya maabara."

"Waliotengeneza vioo hawakutengeneza na sabuni?"

"Walitengeneza, dada. Haijafika Kilosa."

Nikacheka, nikampa. Tangu siku hiyo maabara na jiko vikawa ndugu. Gesi ilipokwisha na mtungi ukabaki umesimama kwenye kona kama mgeni asiyesema, mliosoma miaka ya themanini mnakumbuka, mlichemshia vitu vyenu kwenye majiko yangu ya mkaa. Sabuni ilipoadimika nchi nzima, Melki aliitengeneza mwenyewe kwa maji ya majivu na mafuta ya mawese. Wake wa walimu walipanga foleni mpaka barabarani. Kundi la kwanza lilikuwa kali kidogo. Kuna mama mmoja yuko hapa leo, simtaji, mikono yake ilichubuka akafuliwa nguo na mumewe wiki mbili. Mpaka leo anasema ile ndiyo sabuni bora aliyowahi kutumia.

Ningeweza kuendelea hivi mpaka chakula kipoe. Lakini mkitaka kumjua Melkizedek, niwaeleze habari ya zile chupa, maana wengi mmesikia nusu nusu na wengine mnaieleza vibaya.

Kisha ukaja wakati wa kufungua biashara. Sisi wa Kilosa tuliokuwa tunapanga foleni ya chumvi tukaona maduka yamejaa vitenge, redio, viatu vya mpira, marobota ya mitumba, na ile mifuko ya plastiki, ya rambo, ikapepea mpaka kwenye miiba ya reli. Kila kitu kilikuwa kimejaa isipokuwa maabara. Huko hakukuwa na asidi, hakukuwa na gesi, hata karatasi za kuchujia maji hazikuwepo. Melki alikuja kazini saa moja kamili kila siku, anapangusa vioo visivyotumika, anavirudisha mahali pake.

Mwaka tisini na moja nilinunua dagaa gulioni. Muuzaji akanifungia kwenye karatasi ya gazeti la Ulaya, lile linaloteleza na kung'aa, yalikuwa yanakuja na mitumba. Nilipofungua nikaona picha. Giza tupu, na katikati ya giza dohani za mawe zinafuka moshi mweusi, na pembeni yake mirija mirefu myeupe yenye ncha nyekundu kama midomo ya wanaokwenda harusini. Nikajua ni jiko. Nikaenda nayo maabara.

"Melki, hebu nisomee. Nani anapika humu, na anampikia nani?"

Alianza kusoma amesimama, akamalizia ameketi.

"Dada, hii ni chini ya bahari. Chini kabisa, ambako jua halijawahi kufika. Ardhi imepasuka, maji yanatoka humo ya moto kuliko ya kwenye sufuria yako."

"Na hii mirija?"

"Minyoo. Mirefu kuliko mtu. Haina mdomo wala tumbo."

"Basi imekufa."

"Haijafa. Imeshiba."

"Imeshiba nini, na mdomo haina?"

Akageuza karatasi. Maneno yalikuwa yanasema kwamba maji yale yananuka kama yai viza, na kwamba ndani ya minyoo vinaishi vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyoilisha, navyo vinapata nguvu zao kutokana na... Hapo karatasi ikaishia. Imechanwa katikati. Melki akavua koti lake jeupe, akaenda gulioni mbio. Muuzaji akamwambia, "Mzee, ile nusu nyingine imeondoka na dagaa wa mtu wa Msowero." Nasikia alitaka kwenda Msowero. Mkewe Ida akamzuia.

Huyo Ida ndiye aliyemfungulia njia. Ni mtu wa Mikumi. Miezi mingi alimsikia mumewe akiongea peke yake habari za yai viza, mpaka siku moja wanakula akamwambia, "Baba, kama ni harufu hiyo, kwetu kuna kijito cha maji ya moto kinanuka hivyo hivyo. Mama yangu huenda kuikanda humo miguu yake inayouma." Likizo ilipofika Melki akaenda. Akafunua mawe pale maji yanapochomoka, chini gizani, akakuta nyuzi nyeupe zimeshikamana na jiwe kama pamba iliyolowa. Alirudi kama mtu aliyeona ndugu waliopotea.

Sasa sikilizeni. Machi 1993 ikaja barua. Ilikuwa miaka ya kupunguza wafanyakazi, na kila ofisi watu walikuwa wanahesabu vichwa. Barua ilisema maabara isiyofanya kazi ifungwe, wanafunzi wa sayansi wagawanywe kwenye shule nyingine, na mtunza maabara apunguzwe. Mkaguzi angekuja tarehe 12 Mei kutazama kwa macho yake. Mfanyabiashara mmoja alishaanza kupima milango yetu kwa kamba, alitaka chumba aweke marobota ya mitumba. Na mwaka ule kulikuwa na wasichana kumi na wawili mchepuo wa sayansi, idadi ambayo hatujawahi kuipata. Huyu Happyness alikuwa mmoja wao. Wazazi wao wasingewapeleka shule ya mbali. Wangerudi nyumbani kuolewa, nyote mnajua.

Mkuu wa shule wakati ule, Mwalimu Bonifas, alimwita Melki akamwuliza, "Una nini cha kumwonyesha mkaguzi?"

"Sina kitu, Mkuu. Lakini nipe ruhusa ya siku tatu na nauli ya treni."

Alikwenda Mikumi na treni ya Kidatu, akiwa na kreti mbili za chupa za jemu. Akarudi zimejaa tope na maji ya kile kijito. Vifuniko hakuwa navyo, vilipotea miaka mingi, akaziba kwa pamba. Basi behewa zima likanuka. Abiria walianza kutazamana. Mama mmoja mwenye mtoto akasema, "Aliyefanya hivyo ajitokeze, sisi ni watu wazima." Mkata tiketi akaja na kitambaa puani: "Mzee, hiyo ni nini?" Melki akajibu kwa heshima zake zote, "Ni wanafunzi wangu, wana njaa." Alimaliza safari amesimama kati ya mabehewa mawili, kreti miguuni.

Alitaka mahali penye giza kabisa, ili mtu asije akasema jua limesaidia. Shuleni pa namna hiyo ni mahali pamoja tu: ghala langu la maharage. Akapanga humo chupa kumi na mbili za tope la Mikumi na sita za tope na maji ya mto wetu Mkondoa, ambayo hayanuki. Zote wazi, zimefunikwa pamba tu. Akaniambia, "Dada, usiingie na kibatari. Ukitaka maharage, papasa."

Nikapapasa siku nne. Siku ya tano wanafunzi wakagoma kula. Kiranja wa chakula akaja na sahani yake: "Shikamoo Bibi. Maharage yananuka choo cha stesheni." Jamani. Nimelisha watoto mia nne kila siku kwa miaka mingi, hakuna aliyewahi kunirudishia sahani. Na mama yangu alinifundisha jambo moja kabla ya yote, kwamba chombo hufunikwa. Chungu kisichofunikwa ni cha mtu mvivu. Basi nikachukua mifuko ya rambo na vipande vya tyubu ya baiskeli, nikaingia ghalani, nikaanza kuziba zile zinazonuka, moja moja, nimekaza kama ngoma. Nilipomaliza ya saba rambo ikaniishia. Tano zikabaki na pamba yake. Harufu ikapungua, watoto wakala, nikanyamaza kimya.

Melki hakuingia siku tisa. Alisema anataka wasisumbuliwe. Siku ya kumi akaingia na tochi. Nikasikia sauti yake imepanda, nayo huwa haipandi.

"Dada Ziada, nani ameziba chupa?"

"Mimi. Na mshukuru Mungu nimewahi, maharage yalikuwa yanaondoka."

"Umeniua."

"Nimekuua kwa mfuko wa rambo?"

"Nimebakiza wiki tatu. Nauli nyingine hakuna. Hizi saba zimekufa zote, tazama, nyeusi tii. Dada, wale wasichana wanakwenda nyumbani."

Akakaa juu ya gunia. Sikupenda kumwona vile, na mimi nikiona aibu huwa nakasirika. Nikamnyang'anya tochi nikamulika mwenyewe.

"Acha kunililia. Hizi tano ambazo rambo iliniishia, mbona zimeota mvi?"

Akainuka. Kweli, kwenye zile tano, juu ya tope jeusi, pale maji ya chini yanapokutana na ya juu, kulikuwa na utando mweupe, nyuzi nyuzi, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Akazitazama. Akazitazama zile nilizoziba. Akarudi kwenye zile tano.

"Hizi zinakula," akasema. "Na zile zina chakula kile kile. Tope moja, giza moja. Kwa nini zimeshindwa kula?"

Jamani, mtu huyu amesoma na mimi napika. Nikamwambia, "Melki, mimi kuni ninazo na moto ninao. Nikiziba mlango wa jiko, moto unakufa na kuni zimo. Mchoma mkaa kwa nini anafukia tanuri lake kwa udongo? Ili kuni zisipate hewa zikateketea. Sasa kipi cha kushangaza? Umewapa kuni, mimi nikawanyima hewa."

Akanishika mikono yote miwili, mtu ambaye miaka ishirini na nne alikuwa akinisalimu kwa mbali.

"Harufu ndiyo kuni," akasema.

"Ndiyo kuni."

"Inakutana na hewa, inaungua polepole bila mwali. Nguvu inayotoka ndiyo wanayojengea mwili. Kama mimea inavyotumia jua, wao wanatumia huo moto usioonekana. Dada, ile nusu ya karatasi!"

"Ilikuwa jikoni siku zote," nikamwambia, "wewe ulitaka kwenda Msowero."

Mwingine angechukua zile chupa tano akafurahi, akangoja mkaguzi. Melki akasema mara moja si ushahidi, huenda zimebahatika. Zile saba nilizoziba, akazifungua tatu na kuziacha nne na rambo yake. Sasa nikawa mimi ndiye nisiyelala kwa kusubiri. Siku ya nane mvi zikaota kwenye zile tatu alizofungua. Zile nne, nyeusi vile vile. Na zile sita za maji ya Mkondoa, wazi siku zote, hazikuwa na hata uzi mmoja. Hewa peke yake haikutosha, na harufu peke yake haikutosha. Lazima vikutane. Alianza kufundisha jambo hilo siku hiyo hiyo, kwa zamu, wasichana sita sita, wamejibana ghalani kwangu wameshika pua.

Mkaguzi akafika tarehe yake, Bwana Cleopa, mtu mrefu, mwenye haraka. Mwalimu Bonifas aliniambia baadaye kwamba barua ya kufunga ilikuwa tayari imepigwa chapa, imo kwenye mkoba, imebaki sahihi.

"Gesi mnayo?"

"Hatuna, mheshimiwa," akajibu Melki.

"Asidi?"

"Hatuna."

"Hadubini?"

"Tunayo moja."

"Sasa mnafanya nini humu siku nzima?"

"Tunafuga, mheshimiwa."

Akapelekwa ghalani. Nilikuwa mlangoni, nimevaa kanga yangu mpya. Melki akamweleza yote, bahari, dohani, minyoo isiyo na mdomo, harufu na hewa. Mkaguzi akatoa kitambaa puani, akasema, "Mzee, mtoto wa kidato cha kwanza anajua kwamba uhai wote umesimama juu ya jua. Jua, jani, mbuzi, mtu."

"Kwa mbuzi na mtu ndivyo ilivyo. Hawa wana mlango wao."

"Huu ni ukungu wa maharage."

Hapo sikuweza. "Mheshimiwa," nikasema, "umepita mlangoni kwangu bila salamu, nikasema huenda umechoka na safari. Lakini ukungu? Kwenye maharage yangu?"

Akashtuka, akakumbuka adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sasa nieleze. Kama ni ukungu wa maharage, mbona chupa hizi sita za maji ya Mkondoa, ziko wazi, giza hili hili, zimeegemea gunia hili hili, hazina kitu?"

Akazitazama zile sita. Melki, mpole kama kawaida, akasema, "Tutoke nje, mheshimiwa. Hadubini yetu inatumia kioo, inataka mwanga."

Wakaiweka juu ya meza yangu ya kukatia mboga. Melki akachovya nyuzi kidogo, akaweka. Mkaguzi akainama. Alikaa ameinama mpaka nikadhani mgongo umemshika.

"Zinatembea," akasema.

"Zinatembea."

"Na hizi punje ndani yake, zinang'aa?"

"Salfa, mheshimiwa. Imetoka kwenye ile harufu. Wanaiweka ndani kama akiba, chakula kikipungua wanaimalizia."

Wasichana wote kumi na wawili walikuwa wamesogea. Mkaguzi akanyanyuka, akafuta miwani, na nikaona amekuwa mtu mwingine, haraka imemtoka. Akauliza swali kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Sawa, mzee. Lakini hewa hii wanayounguzia imetoka wapi? Si majani ndiyo yanayoitoa, kwa nguvu ya jua?"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikaufunga.

Melki akasema, "Hapo umenishinda, mheshimiwa. Ni kweli. Hewa ni ya jua, hata ile iliyozama baharini. Nitakalosimamia ni hili tu: nguvu ya kujenga mwili hawaichukui kwenye jua. Wanaichukua kwenye harufu. Zaidi ya hapo sijui."

Bwana Cleopa akamwambia, mbele ya watoto, "Nimekagua shule miaka kumi na minne. Wewe ni wa kwanza kuniambia nimekushinda." Akaomba kiti. Akatoa ile barua mkobani, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni, akaomba karatasi tupu. Aliandika juu ya meza ya mboga kwa nusu saa, akala maharage sahani mbili, akaomba na chupa moja aende nayo ofisini. Melki akamkatalia kifuniko. Dereva wake alilalamika mpaka Dumila.

Maabara haikufungwa. Yule mwenye kamba akaenda kupima milango mingine. Melkizedek hakupunguzwa, na mwaka uliofuata yalikuja masanduku mawili ya dawa za maabara na mtungi wa gesi uliojaa. Wale wasichana kumi na wawili walifanya mtihani wao hapa hapa, kwenye mabenchi yao, na kumi wakafaulu baiolojia. Mmoja leo ni muuguzi. Mmoja anapima maji ya visima huku Munisagara. Mmoja anaandika maneno haya, na sasa analia, nimemwambia aangalie asilowanishe karatasi.

Miaka miwili baadaye mwanafunzi wetu wa zamani alituma kitabu kizima kutoka Dar es Salaam, chenye habari yote ya zile dohani. Melki akaja kunisomea jikoni. Kila kitu kilikuwa kama tulivyokiona ghalani, nikavimba kichwa. Kisha akafika ukurasa mmoja akaurudia mara mbili. Kumbe huko chini wapo na wengine wasiohitaji kabisa hewa hii yetu. Wanachukua gesi nyingine itokayo kwenye mawe ya moto, wanaiunganisha na hewa ya kaboni, wanaishi. Kesho yake Melkizedek alipita darasa kwa darasa, kidato cha kwanza mpaka cha nne, akawaambia, "Nilisema hawaishi bila hewa. Nilisema kwa wote, na ni kwa baadhi tu. Futeni, andikeni upya." Hakuna aliyemtuma. Nilipomwuliza kwa nini ajiaibishe, akasema, "Dada, wataniamini lini tena nikiwaacha na kosa?" Huyo ndiye mtu tunayemuaga.

Shule inatoa shukrani kwake kwa miaka ishirini na tisa, na mimi natoa za kwangu peke yangu, kwa sababu ni mtu pekee aliyeniuliza swali akangoja jibu langu. Shukrani kwa Ida, aliyevumilia koti linalonuka. Wanahamia Mikumi, kwenye shamba lao, karibu na kile kijito. Mdogo wangu Melkizedek, nenda salama. Mungu akupe magoti yasiyouma na mvua ya wakati wake, na majirani wasiochoka kuulizwa maswali. Umeacha mlango uko wazi nyuma yako, na humo ndani watoto wanafanya kazi.

Na nyie wengine, mkimaliza kula, msidhani tumemalizana. Mara nyingine msije kwa barua wala kwa ng'ombe. Njooni siku ya kazi, Alhamisi, saa nne, kidato cha tatu wakiwa maabara. Happyness yuko peke yake na watoto hamsini. Vueni saa, mkunje mikono ya mashati, muoshe vioo.